Sahani Zilizorudi Bila Kuguswa

Juma lililopita nilirudisha tabuliye mbili za kujifunga wakati wa kupika, ufunguo wa ghala na kofia ya kitambaa, nikatia sahihi, nikatoka getini kama mtu aliyekuja kununua limonadi. Nimestaafu. Nina miaka thelathini na mitatu, watoto wanne, na wa mwisho bado ananyonya. Barua ya kampuni inasema mama wa watoto wanne apewe pumziko. Aliyeiandika ni mwanaume, tena mwanaume asiyejua kwamba mahali pekee nilipowahi kukaa chini robo saa nzima ni kazini, juu ya gunia la unga. Basi. Hasira ninayo, lakini hasira haiivishi chungu. Ninyi dada zangu mnaobaki jikoni mliniomba niwaandikie yale niliyoyaona, na kwa kuwa nilisoma kwa masere, watawa wa kike, mpaka mwaka wa nne wa sekondari, naandika. Maneno ya watu nitayaacha jinsi yalivyotoka vinywani mwao.

Vyeo na mishahara sitavisema. Cha kwanza sikupewa, cha pili mnakijua.

Niliingia Bustani nikiwa na miaka kumi na tisa, wakati nchi yenyewe ilikuwa bado haijalizoea jina lake la Zaïre. Bustani ilikuwa ya kampuni, nje kidogo ya Kolwezi, mahali pa wafanyakazi kupumzika Jumapili pamoja na jamaa zao. Kulikuwa na gari-moshi dogo la watoto, farasi wa mbao wanaozunguka, mashua tatu kwenye bwawa, na Uswisi. Uswisi ilikuwa nyumba moja ya mbao yenye paa la mteremko mkali, na juu ya paa walipaka rangi nyeupe ili iwe theluji. Kila kiangazi vumbi la mgodi wa Mashamba liliigeuza theluji kuwa nyekundu, na mzee mmoja alipanda ngazi na ndoo kuipaka upya. Ndani waliuza nyama ya kukaanga na viazi. Nyuma, ndani ya banda la bati, wanawake sita tulipika bukari, ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo na samaki kwa wale ambao viazi haviwashibishi, yaani karibu wote. Chakula chetu kilipitia mlango wa nyuma, kikaliwa ndani ya Uswisi. Hakuna aliyeona ajabu.

Siku ya kwanza nilifika nimejifunga kitenge kipya, nikiwa tayari kukamata mwiko. Mkubwa wa jiko, Mama Ngoie, mjane wa kaskazini mwenye mwili mdogo na sauti ya watu watatu, alinikalisha mbele ya beseni la sahani chafu.

"Mama, mi nilikuya kupika," nikamwambia. "Hapana kuosha."

"Nani alisema unaosha? Balisema ulisoma kwa masere. Basi soma." Akaniwekea sahani mkononi. "Hii inasema nini?"

"Inasema mutu alikula, akaacha."

"Eh! Masere balikula falanga ya baba yako bure."

Wenzake wakacheka. Kisha akanionyesha. Bukari iliyomegwa mara moja ikaachwa: unga mbichi, au moto uliondolewa mapema. Samaki kaliwa na sombe kubaki: chumvi. Mifupa safi na bukari nusu: tonge lilikuwa kubwa kuliko tumbo, punguza. Sombe iliyosogezwa pembeni kwa kidole: kuna mchanga, mtafute aliyeosha majani. "Mutu hatakuambia chakula yako ni mubaya," alisema. "Ana haya. Sahani haina haya. Soma kwanza, kisha osha." Miezi mitatu sikugusa chungu. Nilisoma sahani. Ninyi mnaowatuma wasichana wapya moja kwa moja kwenye mbabula, jiko la makaa, mnawadhulumu.

Mengine ya kazi alinifundisha kwa kunipiga vidole. Chungu kikubwa cha bukari husongwa na watu wawili, mmoja anashika, mmoja anasonga, na anayeshika ndiye anayechoka zaidi, kwa hiyo mbadilishane. Makaa yaliyolowa mvua yaanikwe ukutani siku moja kabla. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa nilirudi naye mgongoni. Meneja wetu, Tata Kabeya, mtu wa Kasai, mpole siku zote isipokuwa mbele ya wakubwa, alisema jiko la kampuni si mahali pa mtoto. Mama Ngoie hakuacha hata kukatakata vitunguu. "Tata, huyu hakule bukari ya kampuni," alisema. "Anakula mama yake." Tangu siku ile watoto wanaonyonya waliruhusiwa. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Ilikuwa hivyo tu, kwa sababu Mama Ngoie yupo.

Miaka michache ikapita, na ile amri ya kuondoa vitu vya Ulaya, iliyokuwa imekwisha kuchukua tai shingoni na majina ya ubatizo, ikaifikia Uswisi yetu. Waliibomoa kwa siku nne. Mzee aliyekuwa akiipaka theluji alisimama na ndoo yake akitazama, halafu wakamhamishia kwenye farasi wa mbao. Kutoka Kinshasa alikuja mchoraji wa majengo, Sitwayen Bokungu, yaani mwananchi, kama tulivyoamriwa kuitana, kijana mrefu wa abakosti safi, koti lisilo na tai, mwenye adabu, mwenye karatasi zilizokunjwa kama mabomba. Pale pa Uswisi pangejengwa Kijiji cha Mababu: mapaa kumi na mawili ya nyasi, yamesimama juu ya nguzo, bila kuta, yamezunguka mduara, ua wa miti kwa nje wenye mlango mmoja wa wageni, moto katikati, na meza zote zinatazama moto. "Kila mutu anaona kila mutu," alitueleza. "Ni umoja." Na chakula kingekuwa chakula cha nchi. Bukari yetu ingetoka mlango wa mbele.

Sitawadanganya, tulifurahi. Mbuyi, mcheshi wetu, alitembea jikoni na chungu kichwani akisema, "Mupishe bukari, sasa ni madamu." Tulishona vitenge vya aina moja. Mama Ngoie aliongeza mbabula nne.

Jumapili ya kwanza Kijiji kilijaa. Watu walivaa vizuri, wakapita wakishika nguzo, wakakaa. Tulituma sahani nje. Baada ya nusu saa zikaanza kurudi.

Nilikuwa nimezisoma sahani miaka kadhaa, lakini zile sikuzijua. Bukari ilikuwa nzima, duara, inang'aa kama tulivyoitoa. Samaki na macho yake. Sombe haina alama ya kidole. Kwenye meza za hapa na pale waliokula walikula yote, hata mchuzi wakapangusa. Kwenye nyingine, nyingi zaidi, watu wazima hawakugusa chochote. Watoto walikuwa wameshiba. Wazazi walikunywa munkoyo yao ya mahindi, wakalipa, wakaenda.

Tata Kabeya aliingia amebeba sahani mbili mikononi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama Ngoie, hii ni nini?"

"Ni bukari, Tata."

"Najua ni bukari! Mbona batu habakule? Ufunguzi ni Jumapili ya tatu. Mukubwa ya kampuni anatoka Lubumbashi. Kama sahani zinarudi vile, mi naita bapishi ya nyumba ya bageni. Banaume bane, kofia nyeupe. Ninyi mutaenda kupika kwenu."

Aliposema kwenu aliniangalia mgongo, alipokuwa mtoto wangu wa pili. Nilielewa. Wapishi wa kofia nyeupe hawangeruhusu mtoto, na mume wangu wakati ule alikuwa amelala hospitali na mguu uliovunjika. Mama Ngoie naye kwao palikuwa chumba kimoja na wajukuu watatu. Sote sita tulikuwa na kitu cha namna hiyo, hatukuhitaji kusimuliana.

Juma lile tulibadilisha unga, tukaosha sombe mara nne. Jumapili ya pili sahani zikarudi vilevile. Mbuyi akasema labda mababu wa kijiji ndio waliotuloga kwa kuwa tumewaamsha. Hakuna aliyecheka. Nikakaa mbele ya zile sahani, na ghafla nikaona jambo la kijinga kabisa: chakula kibaya lazima kionjwe kwanza. Hiki hakikuonjwa. Basi si chakula.

"Nipe sinia," nikamwambia Mama Ngoie. "Natoka kuangalia batu, hapana sahani."

Nilitoka na mtoto mgongoni. Meza ya tatu alikaa fundi mmoja wa kuchomelea, mkewe na watoto watatu. Watoto walikula kwa mikono miwili. Yeye alikuwa amejipinda kwenye kiti, mgongo umeelekea moto, kama mtu anayeumwa ubavu.

"Tata, chakula iko mubaya?"

"Hapana, mama. Inanukia muzuri, mate iko natoka tu."

"Sasa mbona haukule?"

Mkewe akanivuta kitenge. "Dada, angalia kule, ng'ambo ya moto. Ule mwenye kitambaa ya bulu. Ni mama yangu. Alikuya na dada yangu, hatukujua."

Nikaangalia. Mama mmoja wa makamo alikuwa amejifunika kitambaa mpaka puani, sahani mbele yake nzima.

"Mi nilimuona," fundi akasema akitazama ardhi. "Yee pia aliniona. Sasa tuko bafungwa beote babili."

"Si muondoke?"

"Nipite wapi? Mulango ni moja, iko nyuma yake!"

Nilisimama pale na sinia kama mti. Kwetu, awe mtu wa Kasai, awe wa kaskazini, mwanaume hali mbele ya mama wa mke wake, wala mama huyo hatafuni mbele ya mkwewe. Ni heshima, na heshima hiyo haina Jumapili. Sasa chukueni kambi za kampuni, ambamo binti wa huyu ameolewa na mtoto wa yule mtaa wa pili; wapeni wote siku moja ya mapumziko; wakalisheni kwenye mduara usio na ukuta. Nikatembea meza kwa meza. Kila sahani isiyoguswa ilikuwa na mwenzake ng'ambo ya moto. Uswisi ile ya theluji nyekundu ilikuwa na vizuizi vya mbao kati ya meza na meza, virefu kupita kichwa. Miaka yote tulidhani watu wanaifuata theluji.

Nilimpata Tata Kabeya na mchoraji chini ya paa la wageni, karatasi zimefunguliwa. Nikawaambia. Meneja akacheka.

"Kapinga, unataka kunidanganya sababu ya bukari mubichi?"

"Tata, mama-mukwe wako akikuya kwako, unakula wapi?"

Kicheko kikaisha. "Hiyo ni mambo ya nyumbani."

"Na weye, Sitwayen? Kwenu mutu anakula mbele ya mama ya bibi yake?"

"Hapana!" alijibu upesi, kama nimemtukana. Kisha akaitazama karatasi yake. Watu aliowachora chini ya mapaa walikuwa vistari vya wino, kila kimoja na kichwa chake, hakuna aliyeoa. Nadhani aliona. Lakini karatasi ilikuwa imetiwa sahihi Kinshasa, na juma moja limebaki. "Ukuta katika kijiji cha umoja," alisema polepole. "Nitawaeleza nini?"

"Hata mikeka? Tufunge mikeka kati ya nguzo."

"Hakuna kitu kinaongezwa," Tata Kabeya akasema. "Rudia nyungu yako."

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika, kwa sababu masere walionifundisha kuandika bado wako hai.

Jumapili ya tatu palikuwa na bendera, ngoma, na wale wapishi wanne. Tata Kabeya alikuwa amewaleta tayari. Walikaa ndani ya gari nyuma ya jiko, kofia nyeupe juu ya magoti, wakitutazama kupitia kioo kama watu wanaongoja chumba kihamwe. Mama Ngoie aliwapelekea maji. Mimi nisingewapelekea.

Mkubwa wa Lubumbashi alifika saa sita, mtu mnene, mchangamfu, mwenyeji wa kambi zetu hapo zamani. Alifanya hotuba fupi, Mungu ambariki. Akanawa mikono. Tulitoa sahani zote kwa pamoja, na kufuatana na adabu kila mtu akamngojea yeye amege kwanza.

Alimega. Tonge likafika kifuani, likasimama.

Nilikuwa mlangoni mwa jiko, nikafuata macho yake. Ng'ambo ya moto, bibi mmoja mwembamba alikuwa anaketishwa na wasichana wawili, bado ana vumbi la safari. Mke wa mkubwa akainamisha kichwa. Baadaye tulijua: mama yake alikuwa amepanda treni kutoka Tenke, bila kumwambia mtu, aje kumwona mkwewe akiheshimiwa. Bibi alipoinua macho akamwona mkwewe na tonge mkononi, akajitupia kitenge kichwani, akageuka kando. Mkubwa akarudisha tonge kwenye sahani. Akanawa tena mikono, taratibu, kama mtu aliyeshiba.

Watu mia mbili na chakula cha moto, na hakuna mkono uliosogea. Ngoma zikakosa la kufanya, zikanyamaza. Tata Kabeya alitazama lile gari.

"Bitambaa," Mama Ngoie akasema.

"Bitambaa gani?"

"Bya meza! Byote bikubwa! Kila mutu moja!"

Hatukuulizana. Tulitoka sita, kila mmoja na kitambaa cha meza, tukapita katikati ya mduara kando ya moto, tukapanga mstari, tukainua mikono. Nyeupe, pembe kwa pembe, kutoka nguzo mpaka nguzo. Tuligawa kijiji cha umoja vipande viwili. Nilimwona Sitwayen Bokungu akisimama, mdomo wazi, kisha akakaa tena. Halafu, upande wa mkubwa, nikasikia mlio wa sahani kusogezwa.

Alikula. Wote wakala. Sauti ya watu mia mbili wakila kwa pamoja ni kama mvua inayoanza juu ya majani.

Dada zangu, inueni mikono juu ya kichwa sasa hivi mkiwa mnasoma, muiache huko mpaka mtu mnene amalize samaki wawili. Baada ya dakika kumi mabega yangu yalikuwa yanawaka. Mtoto mgongoni akaamka, akaanza kulia, akitafuta ziwa. Kitambaa changu kikaanza kutetemeka, na nikajua nikishusha, tumeshusha sote. Ndipo sauti ikatoka ng'ambo ya kitambaa, chini, karibu na kiuno changu.

"Mwana, mukono yako inachoka. Leta hii pembe, mi nakamata."

Ilikuwa ya bibi wa Tenke. Alikuwa amesogeza kiti chake mpaka kwenye kitambaa, akashika pembe ya chini na kuivuta ikaze, kisha akainua fimbo yake ya kutembelea na kuitia chini ya pindo la juu. Uzito ukapungua nusu.

"Aksanti, mama."

"Sema kule akule muzuri," alisema. "Akikonda, batasema mutoto yangu njo hajue kupika."

Nikageuza uso upande wa pili. "Tata, mama anasema mukule muzuri."

Meza ya mkubwa ilikuwa ya mbele, hatua mbili kutoka kitambaani. "Mwambie mama aksanti. Muulize safari ilikuwa namna gani."

"Mama, Tata anauliza safari."

"Mwambie treni ilisimama saa tatu njiani na mi sikukula kitu. Sasa nakula. Na mwambie sombe hii, mwenye kuipika alilelewa."

Nilipeleka na kuleta maneno namna ile mpaka mwisho, mtoto analia, mbele ya bendera zote. Mbuyi, kando yangu, alikuwa anacheka kwa ndani mpaka kitambaa chake kikapiga mawimbi.

Tulipokusanya sahani, Mama Ngoie hakuzipeleka kwenye beseni. Alipanga ishirini mbele ya Tata Kabeya, mezani. Hakuna kitu juu yake isipokuwa mifupa.

"Tata, soma."

Aliziangalia moja moja. Kisha akaenda nyuma ya jiko, akainama dirishani mwa gari, akasema maneno machache. Gari likawashwa. Kofia nyeupe zikaondoka zikiwa bado juu ya magoti.

Mikeka mnayoiona leo kati ya mapaa ilifungwa juma lile. Sitwayen Bokungu mwenyewe alikuja na penseli kutuuliza urefu, tena kwa unyenyekevu, sina neno naye. Kibao kilichopo pale kinaiita pambo la asili. Waandike watakavyo.

Lakini niwaambie Jumatatu ilivyokuwa. Niliamka nikiwa siwezi kuinua mikono kupita kifua. Nilikwenda kazini hivyo hivyo. Sikuweza kumfungua mtoto mgongoni wala kumpakata, kwa hiyo Mbuyi alimkamata akamweka kwenye ziwa langu, akamshikilia hapo, nami nimekaa juu ya gunia la unga mikono imelala kama ya mtu mwingine. Tata Kabeya akatokea mlangoni. Siku zote aliingia bila hodi. Aliona, akageuka mgongo, akabisha kwenye bati kwa kidole.

"Mama Ngoie, naweza kuingia? Kuna habari ya kazi."

"Ngoja," Mama Ngoie akasema.

Alingoja nje, kwenye jua, mpaka mtoto akashiba.